Sumu ya bunju kwenye friji ya maabara

Watu wakisikia natafiti mambo ya ubongo wanadhani nashinda naangalia picha za vichwa kwenye kompyuta. Mi nahangaika na kitu kidogo sana, utando wa seli moja ya neva, mafuta yenye unene wa kama nanomita 5 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na vile vitundu vya protini vilivyopenya humo, ndo tunaita chaneli za ioni, yaani njia za chembe zenye chaji ya umeme kama sodiamu na potasiamu. Na ukiniuliza kifaa gani kimetufundisha zaidi kuhusu hivyo vitundu ntakwambia sumu, tena ya samaki.

Ila tuanze na chumvi kwanza. Nje ya seli sodiamu imejaa, ndani potasiamu ndo nyingi, na kuna pampu haipumziki, inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2. Sasa potasiamu, yenye chaji chanya, inavuja kwenda nje kidogo kidogo na kuacha ndani pakiwa hasi, kama milivolti -70. Unaona ndogo eh? Betri ya rimoti tu ina volti 1.5. Lakini chukua hizo 70 zigawe kwa nanomita 5, unapata kama volti milioni 14 kwa mita, na protini zimekaa katikati ya huo msukumo muda wote.

Neva ikishtuliwa, chaneli za sodiamu zinafunguka, sodiamu inamiminika ndani, volti inapanda mpaka inapita sifuri, alafu ndani ya milisekunde chache zinajifunga, za potasiamu zinafunguka na mambo yanarudi chini, meseji imeshapita. Hayo wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyaeleza 1952 kwa kutumia neva ya ngisi, maana ile ni nene kiasi kwamba unaingiza waya ndani yake. Huxley alipiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono kwa sababu kompyuta ya Cambridge ilikuwa kwenye marekebisho (wanafunzi wangu wanaolalamika laptop ziko slow mnisikie).

Ila swali lilibaki, je sodiamu na potasiamu zinapita njia moja au mbili? Hapo ndo anaingia bunju, yule samaki anayejijaza maji akivimba, wavuvi wetu wa pwani wanamjua. 1964 mtafiti Narahashi na wenzake wakaonyesha sumu yake, tetrodotoksini, inazima mkondo wa sodiamu kabisa na wa potasiamu hauguswi. Kwa hiyo njia ni mbili. Sumu inaziba mdomo wa chaneli kwa nje, neva zinanyamaza, misuli ya kupumua inasimama huku mtu akili yake iko palepale, na kuchemsha hakusaidii, joto la jikoni haliiharibu. Bunju mwenyewe hadhuriki kwa sababu chaneli zake zimebadilika pale sumu inaposhika. Koboko naye ana yake, dendrotoksini, hiyo inaziba chaneli za potasiamu, neva inashindwa kutulia inafyatua tu.

Ninachokipenda mimi kuliko vyote ni kuiona chaneli moja ikifanya kazi. Wanasayansi Neher na Sakmann walituonyesha njia 1976, unachukua kijibomba cha kioo chenye ncha ya kama maikromita 1, unakigusisha kwenye utando, siku hizi unavuta hewa taratibu mpaka kishike kisawasawa, alafu kwenye skrini unaona mstari wa mkondo wa umeme umelala, ghafla unaruka, unakaa, unarudi. Imefunguka, imefungwa. Hiyo ni molekuli MOJA jamani, mkondo wa pikoampia chache tu (kipimo kidogo mno cha umeme), na hakuna anayejua itafunguka saa ngapi, ni bahati nasibu.

Faida yake? Ganzi ya daktari wa meno inaziba hizohizo za sodiamu. Binadamu tunazo aina 9 na hapo ndo kazi ilipo. Aina moja inaitwa Nav1.7, iko kwenye neva za maumivu, 2006 zilielezwa familia za Pakistan zenye watu wasiosikia maumivu kabisa kwa sababu yao imeharibika. Januari 2025 Marekani wakaidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu inayolenga ndugu yake Nav1.8, na haina uhusiano na mofini. Shida ni kwamba Nav1.5 iko kwenye moyo na inafanana sana na hizo zingine, kwa hiyo dawa inayokosea ndugu hata kidogo inaenda kugusa mapigo ya mgonjwa.