Ablesheni ya kovu la moyo: maana yake na jinsi inavyofanywa

Ablesheni ya katheta ni tiba ya kuunguza, kwa makusudi na kwa kipimo, sehemu ndogo ya msuli wa moyo inayoleta mapigo yasiyo ya kawaida. Hapa nazungumzia aina moja tu: ile anayofanyiwa mtu mwenye kovu moyoni, kovu ambalo limezaa takikadia ya ventrikali, yaani mbio za mapigo zinazoanzia kwenye vyumba vya chini vya moyo.

Mtu wa namna hiyo unaweza kumkuta soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ni mzee aliyepata mshtuko wa moyo miaka kadhaa iliyopita, akatibiwa, akarudi kwenye biashara yake ya dagaa. Asubuhi moja anainua gunia, moyo unaanza kwenda mbio ghafla, jasho jembamba linamtoka, macho yanaingia giza. Walio karibu wanasema presha imepanda. Akifikishwa hospitali, ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, inaonyesha mapigo 180 kwa dakika, mapana, yanayofanana moja kwa jingine karatasi nzima. Hiyo ni dharura, na akipoteza fahamu anatakiwa kushtuliwa kwa umeme papo hapo.

Familia huuliza, na ni haki yao kuuliza: "Daktari, baba si alishapona?" Alipona. Lakini mshipa ulipoziba, sehemu ya msuli ilikosa damu ikafa, na mahali pake pakajengeka kovu. Kovu tupu halipitishi umeme, na lingekuwa tupu kweli umeme ungelikwepa na kuendelea na safari yake. Shida ni nyuzi za msuli zilizonusurika ndani yake. Hizo ndizo njia za panya: nyembamba, zimepindapinda, na umeme unapita humo ukijikokota. Unapochomoza upande wa pili, msuli wa nje umeshapumzika na uko tayari kuitika tena. Basi umeme unauamsha, unazunguka, unarudi kuingia palepale ulipoingilia mwanzo. Kila duru ni pigo moja, na mzunguko huo unaweza kujiendesha kwa dakika au saa nyingi.

Katheta ni mrija mwembamba unaopindika, unaopitishwa kwenye mshipa wa damu wa kinenani hadi ndani ya moyo. Ncha yake inasoma umeme wa msuli inaougusa, na inaweza pia kuuunguza kwa mawimbi ya redio. Msuli ukipita nyuzi joto 50 hivi, seli zake hufa na umeme haupiti tena. Wakati ncha inahama kutoka sehemu hadi sehemu, kompyuta inachora ramani ya nguvu ya umeme wa msuli. Chini ya milivolti 0.5 panahesabiwa kuwa kovu zito, kati ya 0.5 na 1.5 ni ukingo wa kovu, na zaidi ya 1.5 ni msuli mzima.

Baada ya hapo kuna mikakati miwili mikubwa. Wa kwanza ni kuuwinda mzunguko ukiwa unakwenda. Daktari anayachokoza mapigo ya kasi kwa makusudi, anayafuatilia hadi kwenye kipito chembamba ambacho mzunguko hauwezi kukosa, anaunguza hapo. Akipata penyewe, mbio hukatika ndani ya sekunde chache. Lakini wagonjwa wengi hawawezi kuvumilia mbio hizo kwa muda unaohitajika, kwa sababu shinikizo la damu linaporomoka. Tena kovu moja linaweza kuwa na mizunguko kadhaa, na uliyoichokoza leo huenda si ile itakayomwangusha mwezi ujao.

Mkakati wa pili hautaki mbio kabisa. Moyo ukiwa umetulia, daktari anatafuta alama za zile nyuzi zilizobaki: vimishindo hafifu vya umeme vinavyochelewa kufika baada ya pigo kuu kupita. Anaviunguza mpaka vinyamaze. Wengine huunguza eneo lote la kovu na ukingo wake, wengine hulizungushia kovu uzio wa vidonda ili umeme usitoke. Nauona huu kuwa ndio mageuzi makubwa zaidi katika tiba hii. Katika utafiti wa VISTA, uliochapishwa 2015 ukiwa na wagonjwa 118, baada ya miezi 12 mbio zilirudi kwa asilimia 15.5 ya waliounguzwa kovu kwa upana, na kwa asilimia 48.3 ya waliounguzwa mizunguko iliyoonekana tu.

Wakati mwingine njia hizo ziko upande wa nje wa moyo, na katheta iliyo ndani haizifikii. Mwaka 1996 Eduardo Sosa na wenzake wa São Paulo, Brazili, walieleza namna ya kupitisha sindano chini ya kifua hadi kwenye utando unaouzunguka moyo.

Hatari zipo: kuvuja damu kinenani, kiharusi, damu kujaa kwenye utando wa moyo. Dawa za kutuliza mapigo nazo zina gharama yake. Amiodaroni, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuharibu tezi ya shingo, ini na mapafu. Utafiti wa VANISH2 wa 2024, wenye wagonjwa 416 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kwamba walioanza na ablesheni walipata matukio mabaya kwa jumla machache kuliko walioanza na dawa za kutuliza mapigo, ingawa haikuthibitika kwamba vifo vilipungua. Kwa hiyo kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani hakitolewi kwa sababu mtu amefanyiwa ablesheni.

Kwa aliye Ukerewe au Sengerema, jambo moja lina uzito. Umbo la mapigo kwenye ECG iliyopigwa mbio zikiwa zinaendelea humwonyesha daktari zinachomozea upande gani wa moyo. Mgonjwa akitulizwa Nansio, Ukerewe, kabla ya kuvuka kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, alama hiyo imeshatoweka. Matibabu yasicheleweshwe hata dakika moja kwa ajili ya karatasi, lakini kama ilishapigwa, mwanangu, ipige picha kwa simu na uje nayo.