Kabla ya kununua mtaala wa kusoma, mwandikie mtoto "paka wake"

Wazazi wanaosomesha nyumbani hunijia wakiwa wameshanunua. Sanduku limefika kutoka Marekani, limejaa kadi na vitabu vya kupaka rangi, na wanataka kujua mtoto wa miaka mitano aanze na kipi. Nimefundisha madarasa ya awali hapa Nairobi kwa miaka 16, na siku hizi nakaa na wazazi hao mezani kwao. Kabla sijafungua sanduku, huchukua kipande cha karatasi nikaandika: *Paka wake yuko pale.*

Juzi msichana wa miaka sita alisoma "paka" vizuri, akafika "wake" akasema "weik". "Pale" ikawa "peil". Mama yake akashtuka. Nilimwambia mtoto hana tatizo lolote, ametii alichofundishwa. Mtaala wake ulimweleza kwamba e ya mwisho hunyamaza na kuibadilisha irabu iliyotangulia. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kanuni ya Kiingereza peke yake.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Kiingereza kina sauti kama 44 kwa herufi 26. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland walisoma sawasawa karibu maneno yote waliyopewa. Wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, kama theluthi moja tu. Kiswahili hakikuwamo, lakini kwa jinsi herufi zinavyolingana na sauti, maandishi yetu yanafanana zaidi na ya Kifini. Ndiyo maana mtaala wa Kiingereza una haki ya kwenda polepole kwa miaka, ilhali wa Kiswahili ukifuata mwendo huo unamchosha mtoto bure.

Kwa hiyo nashauri mitaala miwili ya kusoma: Kiswahili kwa silabi, Kiingereza kwa sauti. Ianze lugha ambayo mtoto huitumia akigombana na ndugu zake.

Ukichagua kitabu cha Kiswahili, usidanganywe na kurasa za ba be bi bo bu; hizo kila kitabu kinazo. Fungua katikati. Je, kinamfundisha mtoto kwamba m ya "mtu" ni silabi nzima, ila ya "mbuzi" imeshikana na b? Mpigishe makofi: m-tu, mbu-zi. Je, kinatenganisha "ng'ombe" na "ngoma"? Kisha tafuta maneno marefu, maana ugumu wa Kiswahili uko hapo. "Hawakutuambia" ina silabi saba, na mtoto anayejua kila silabi bado hukwama njiani. Kitabu kizuri hulikuza neno taratibu: cheza, anacheza, hakucheza, hawakucheza.

Hatari nyingine ni kwamba mtoto wa Kiswahili anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kuelewa chochote, na mzazi akafurahi. Akishasoma "hawakutuambia", muulize: ni nani ambao hawakuambiwa? Akijibu "sisi", amesoma. Mtaala usio na maswali ya namna hii siununui, hata picha zake ziwe nzuri vipi.

Masomo mengine yasikunyime usingizi mwaka huu. Kuhesabu kunatosha kwa vizibo vya soda na maharagwe, mazingira yako jikoni na shambani, na miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, itakuonyesha watoto wenzake wa PP2 (mwaka wa pili wa shule ya awali) na Gredi ya Kwanza wanafanya nini. Mwandiko nao usiufunge na kusoma. Vidole vya mtoto wa miaka mitano huchelewa nyuma ya macho yake, na nimeona wengi wakichukia vitabu kwa sababu kila neno walilosoma walilazimishwa kulinakili mara kumi.

Sanduku la yule msichana hatukulitupa. Kadi za Kiingereza tuliziweka kwenye kikapu chake, za silabi tukazikata kwenye manila na kuziweka kwenye kingine. Kiswahili asubuhi, Kiingereza baada ya chai ya saa nne, vikapu visikae mezani pamoja. Wiki ya tatu nilimpa tena kile kikaratasi. Alisoma "paka wake yuko pale" bila kusita, akaninyooshea kidole kwenye neno la pili: "Wa nani?"