Messerschmitt KR200: kigari chenye gia nne za kurudi nyuma

Kila nikionyesha picha ya Messerschmitt KR200, lazima atokee mtu wa kuniambia kwamba ni mabaki ya ndege za vita yaliyotiwa magurudumu. Simlaumu. Kina magurudumu matatu, abiria hukaa mgongoni mwa dereva, na juu kuna kifuniko angavu cha plastiki kinachofunguka ubavuni. Hata usukani wa duara hakina.

Chimbuko lake, hata hivyo, ni vigari vya walemavu. Baada ya vita, mhandisi wa ndege Fritz Fend alivitengeneza huko Rosenheim, Ujerumani. Cha kwanza hakikuwa na injini. Punde akaona hata wenye miguu mizima wanavinunua, maana gari halisi hawakulimudu. Mwaka 1952 akamwendea Willy Messerschmitt, mbunifu wa ndege za vita, ambaye kiwanda chake cha Regensburg kilikosa kazi kwa kuwa Wajerumani walikatazwa kuunda ndege. Kigari chao cha kwanza, KR175, kikatoka 1953, na KR200 mwaka 1955.

Mimi kinachoniteka ni rivasi. Kwenye giaboksi haimo kabisa! Dereva huzima injini, akausukuma ufunguo ndani zaidi, akawasha tena; stata huzungusha krenki (mhimili mkuu wa injini) kinyume na injini ikaendelea hivyohivyo. Injini ya kawaida ya gari haikubali mchezo huo, kwa sababu kamshafti, mhimili wa kuendesha valvu (vilango vya kuingiza na kutoa hewa), huzifungua kwa mpangilio mmoja tu. Injini ya KR200, Sachs yenye sisi (cc) 191, ni ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili. Pistoni yenyewe ndiyo inayofunua na kuziba matundu ya silinda, na matundu hayajali krenki inaelekea wapi. Inabaki cheche tu ipigwe kwa wakati wake, na kazi hiyo ikapewa platini (swichi ndogo za cheche) za pili. Kwa hiyo gia zote 4 za mbele zinapatikana pia kwa nyuma. Kuingiza ya nne kinyumenyume sishauri.

Wala hakikuwa kizembe. Agosti 1955, pale Hockenheim, KR200 iliyoandaliwa maalumu ilikimbia saa 24 kwa wastani wa kilomita 103 kwa saa.

Messerschmitt aliporudi kwenye ndege mwaka 1956, Fend na mwenzake Valentin Knott walikichukua kiwanda. Lakini mishahara ya Wajerumani ilikuwa inapanda, Fiat ikaleta gari lake dogo la Fiat 500 mwaka 1957, kisha Waingereza wakaleta Mini 1959: watu wanne ndani, na rivasi ya kawaida. KR200 za mwisho zilitengenezwa 1964.