Eti bibi wa shamba Georgia hana rekodi? Dhana potofu nilizokutana nazo nikimtafuta

Tangu niolewe kwenye familia ya watu wa Georgia, kule kusini mwa Marekani, nimesikia sentensi moja mpaka nimeichoka, kwamba wanawake wa mashambani wa zamani, hasa weusi, hawana rekodi, kwahiyo usijisumbue. Mama mkwe wangu alikuwa anaisema kwa upole tu, kama mtu anayekwambia sukari imeisha. Mimi kwa kazi ni mshonaji, natoka Tanga, mambo ya nyaraka nimejifunzia ukubwani, lakini nimekaa na hizi rekodi miaka kadhaa sasa tukimtafuta mama wa bibi yake, na naona kuna vitu watu wanarudiarudia ambavyo sio kweli na vinawakatisha watu tamaa bure.

Dhana: mwanamke wa shamba hakuacha kitu chochote

Hapa naanza na Harriet Powers kwasababu ndiye aliyenifungua macho. Alizaliwa utumwani Georgia tarehe 29 Oktoba 1837, akaishi maisha yake karibu na mji wa Athens, akaolewa na Armstead Powers mwaka 1855, wakazaa watoto tisa au zaidi. Mwanamke wa shamba kabisa. Ila alikuwa anashona yale mablanketi ya viraka, kwilti, na zake zilikuwa na picha, anakata kitambaa umbo la mtu au la mnyama au la jua halafu anakishonea juu ya kingine, hadithi za Biblia na habari za maajabu ya mbinguni. Kwilti zake mbili bado zipo, moja iko kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington, nyingine iko kwenye makumbusho ya sanaa Boston. Hii ya Boston ina vipande 15 na kimoja kinaonyesha usiku wa nyota kuanguka, ile mvua ya vimondo ya Novemba 1833, yani miaka minne kabla hajazaliwa! Maana yake kuna mtu alimhadithia, naye akaiweka kwenye kitambaa. Sisi tuliolelewa na kanga zinazosema hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Sasa ile ya kwanza aliionyesha kwenye maonyesho ya pamba Athens mwaka 1886, mwalimu mmoja wa sanaa anaitwa Jennie Smith akataka kuinunua, Harriet akakataa. Baada ya miaka kama minne mitano hivi akaja mwenyewe na gari la ng'ombe, kwilti ameipakata mapajani, imefungwa kwenye mfuko safi wa unga na juu yake gunia. Akataka dola 10, mwalimu akasema nina 5 tu. Akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi, akaiuza kwasababu ya ugumu wa maisha. Na mwalimu aliandika kwamba baada ya hapo alirudi mara kadhaa kuitembelea. Kuitembelea jamani! Mimi nguo ya mteja ikitoka hairudi, lakini naelewa kabisa, kuna kazi ukiikabidhi unabaki unaiwaza.

Halafu ukienda kwenye rekodi za ardhi na kodi za kaunti, unakuta Powers na mumewe walikuwa na ekari 4 miaka ya 1880, na kuanzia 1891 Armstead anaanza kuuza kipande kimoja kimoja. Ule ugumu wa maisha aliousema mlangoni kwa mwalimu kumbe uko kwenye daftari la kodi, miaka ileile. Daftari liko kwa jina la mume, ndio, ila linaeleza maisha ya mke. Hili ndilo ninalotaka watu walielewe, mwanamke huyu yumo kwenye maandishi, tatizo yumo chini ya majina ya watu wengine na aliyeshika kalamu ni mtu mwingine mwenye sababu zake.

Na ukitaka kuona hatari ya kumwamini aliyeshika kalamu, angalia hili: kwa miaka mingi wataalamu walimwandika Harriet kama mtu asiyejua kusoma. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks akachapisha nakala ya barua ya Harriet ya mwaka 1896 ambayo ilikuwa imekaa Iowa, mbali na Georgia kabisa, anaeleza alivyojifunza kusoma kwa msaada wa watoto wa kizungu, na anataja kwilti nyingine alizoshona ambazo hatuna, ikiwemo ya karamu ya mwisho ya Bwana. Hata mwaka wa kifo ulikuwa umekosewa, vitabu vilikuwa vinaandika 1911 mpaka kaburi lake lilipoonekana tena 2005 kwenye makaburi ya Gospel Pilgrim, Athens, jiwe linasema 1 Januari 1910. Kaburi lilikuwa hapohapo mjini kwao siku zote.

Dhana: mahakama ya kaunti iliungua, basi tumekwama

Hii kila familia ya kusini inayo, maana rekodi za kaunti zilitunzwa mahakamani, na mara nyingi anatajwa Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini, lililopita Georgia mwaka 1864 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli kuna mahakama ziliungua kwenye vita, na nyingine ziliungua baadaye kwa moto wa kawaida tu. Lakini moto wa mwaka 1864 hauwezi kuunguza karatasi ya 1880, na watu wanalisahau hili kabisa. Wenye ardhi walirudi na hati zao zikaandikwa upya, sensa na mafaili ya pensheni ya serikali kuu hayakukaa kwenye kaunti, na makanisa yalikuwa na vitabu vyao vya mikutano ambavyo vinataja wanawake kuliko kitabu chochote cha mahakama, nani kapokelewa, nani kahamia kanisa lingine na barua yake, nani katengwa kwasababu alicheza dansi. Kabla hujasema iliungua piga simu kwenye kaunti uliza iliungua lini na nini kilipona. Sisi tulipiga, mama wa watu akatucheka kidogo, akasema vitabu vya ndoa vipo toka zamani.

Dhana: kwa mtu mweusi, kabla ya 1870 ni giza tupu

Hii ina ukweli ndani yake ndio maana inadumu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu weusi karibu wote. Zile orodha za watumwa za 1850 na 1860 zinaandika umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki, jina la mtu mwenyewe kwa kawaida hamna. Harriet mwaka 1860 alikuwa na miaka 22, mke wa mtu, na katika orodha ya aina hiyo mtu kama yeye anakuwa mstari tu. Ukikaa na karatasi hizo muda mrefu unaumia, sitaficha.

Ila kuna ofisi ya serikali iliyoshughulikia walioachwa huru, Freedmen's Bureau, ilifanya kazi 1865 mpaka 1872, ina mikataba ya kazi za shamba, orodha za mgao wa chakula, hata ndoa. Kulikuwa na benki yao pia, Freedman's Savings Bank, ilifunguliwa 1865 ikafa 1874 na pesa za watu, na Georgia ilikuwa na matawi Atlanta, Augusta na Savannah. Mtu akifungua akaunti anaulizwa jina la baba, mama, ndugu, ili wamtambue akirudi, kwahiyo fomu moja ya benki inaweza kukupa ukoo mzima. Na wanajeshi weusi wa jeshi la kaskazini walikuwa karibu 179,000, wajane wao walipoomba pensheni walitakiwa kuthibitisha ndoa, na ndoa ya utumwani haina cheti, basi wakaletwa majirani na wakunga kutoa ushahidi: nilikuwepo walipooana, nilimzalisha mtoto wa kwanza, nilimfahamu tangu msichana. Kurasa na kurasa.

Kosa letu sisi lilikuwa jina la ukoo. Mama mkwe alikuwa na uhakika kwamba walioachwa huru wote walichukua jina la mmiliki wao wa mwisho, tukatafuta familia ya wazungu yenye jina lile kwenye kaunti ile karibu miaka miwili, hatukupata cha maana. Kumbe wengi walibeba jina la mmiliki wa zamani zaidi, au la baba aliyekuwa shamba lingine, au walijichagulia wenyewe. Anza na majirani, tazama ukurasa mzima wa sensa, wanaoishi jirani, wenye jina hilohilo, nani ana ardhi hapo.

Dhana: sensa ikisema, imesema

Bibi yetu huyu, yani huyo mama wa bibi tunayemtafuta, 1870 ana miaka 12. Mwaka 1880 ana 20. Mwaka 1900 wameandika kazaliwa Mei 1862, 1910 ana 45, halafu 1920 ghafla ana 65. Mtu yuleyule, mume yuleyule, barabara ileile. Karani wa sensa alikuwa anapita na farasi au kwa miguu, akimkuta mtoto anamuuliza mtoto, akikuta hakuna mtu anamuuliza jirani, na mtu aliyezaliwa utumwani wakati mwingine hakuambiwa siku yake. Sensa ya 1940 ndiyo walitakiwa kuweka alama ya x kwenye duara baada ya jina la aliyejibu maswali, natamani wangefanya hivyo toka mwanzo.

Lakini usiitupe. Ile ya 1900 ina safu mbili, huyu mama amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kwenye mstari wa bibi kuna 11 na 6. Mama mkwe aliijua ile sita kwa majina, hata kwa majina ya utani. Akasogea karibu na kompyuta, akaweka kidole juu ya ile 11, akaniuliza, hawa watano wengine wako wapi? Nikashindwa kumjibu. Nilichoweza ni kumweleza kwamba sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwenye moto wa Washington Januari 1921, kwahiyo mtoto aliyezaliwa baada ya 1880 akafa kabla ya 1900 anaweza asiwe kwenye sensa yoyote, na Georgia ilianza kuandikisha vizazi na vifo jimbo zima mwaka 1919. Watoto watano, na kilichobaki kwao ni kwamba mama yao alipoulizwa alisema kumi na moja. Hakusema sita. Tulifunga kompyuta mapema siku ile.

Dhana: hana cheti cha kuzaliwa wala Social Security, basi hakuandikwa

Cheti nimeshasema, aliyezaliwa kijijini Georgia kabla ya 1919 kwa kawaida hana. Wengi waliandikishiwa baadaye ukubwani, hasa baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, ndiyo hiyo Social Security, kwa kuleta Biblia ya familia, rekodi ya shule au kiapo cha mkunga, kwahiyo tafuta vyeti vya kuchelewa, usitafute kwa mwaka wa kuzaliwa tu. Ila hiyo hifadhi ya jamii mwanzoni iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, yani kazi hasa za wanawake weusi wa kusini, wakaanza kuingizwa miaka ya 1950. Bibi yake mama mkwe alifua na kupika kwenye nyumba za watu maisha yake yote, fomu yake ya kwanza ya hifadhi hiyo ni ya uzeeni, na humo kuna jina la mama yake kabla ya kuolewa. Hatujawahi kuliona popote pengine.

Na hilo la jina linanigusa kwasababu kwetu pwani Fatuma binti Ali akiolewa anabaki binti Ali. Kule mwanamke akiolewa jina la babake linapotea kwenye karatasi, na kwenye magazeti anakuwa Mrs. na jina la mume mpaka na jina la kwanza la mume. Kwahiyo unamtafuta kupitia mirathi ya babake, cheti cha kifo cha mtoto wake, au kwa familia zenye ardhi kule South Carolina, jimbo la jirani, kwenye hati mume alipouza shamba, maana hakimu alimchukua mke pembeni, mume akiwa hayupo, amuulize kama anaachia haki yake ya ujane, yani sehemu ya ardhi ambayo angepata mume akifa, bila kulazimishwa. Wengine ni hapo tu jina lao liliandikwa peke yake.

Mbili za harakaharaka

Eti mama wa bibi alikuwa binti mfalme wa Cherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Wacherokee hawakuwa na wafalme wa namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulipokuwa na malipo kwa wazao wa Wacherokee wa mashariki yaliletwa maombi zaidi ya 45,000 na mengi yalikataliwa, ila yasome tu, watu wamejieleza ukoo wao humo.

Eti kila kitu kipo mtandaoni. FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, ni bure na ina mambo mengi mno, lakini kurasa nyingi hazina indeksi ya majina, unafungua picha moja moja kwa macho yako. Na miti ya ukoo ya watu wengine sio ushahidi, tulimkuta bibi kwenye miti saba, yote imenakiliana kosa moja la mwaka wa kifo.

Sensa za Marekani zinafunguliwa baada ya miaka 72, ya 1950 ilitoka 1 Aprili 2022. Mama alizaliwa 1952 kwahiyo humo hayumo. Ya 1960 itatoka Aprili 2032, atakuwa na miaka 80, na mle ataonekana mtoto wa miaka minane. Ameshaniambia nisiifungue peke yangu.