Bei Mbili Usizozijua, Milinganyo Miwili

Mama mmoja katoka soko la Mbuyuni, Moshi, na sado 2 za maharage na sado 3 za mahindi (sado ni kopo la kupimia sokoni). Kalipa shilingi 29,000 kwa mkupuo. Jirani yake kanunua kwa muuzaji huyohuyo sado 1 ya maharage na sado 4 za mahindi, kalipa 22,000. Sado ya maharage ni shilingi ngapi? (Bei ni za mfano.)

Wengi hukosea kabla hata hesabu haijaanza, pale wanapoandika "x ni maharage". Maharage si namba. Andika: x ni bei ya sado moja ya maharage, y ni bei ya sado moja ya mahindi. Sasa maneno yanageuka milinganyo:

2x + 3y = 29,000
x + 4y = 22,000

Anzia wa pili, maana x yake haina namba mbele: x = 22,000 − 4y. Iweke mahali pa x kwenye ule wa kwanza: 2(22,000 − 4y) + 3y = 29,000. Ile 2 inazidisha vyote vilivyo ndani ya mabano, na 4y pia: 44,000 − 8y + 3y = 29,000. Kwa hiyo 5y = 15,000; y ni 3,000 na x ni 10,000. Hakiki kwenye milinganyo yote miwili, usiishie mmoja.

Mfugaji wa Arusha naye anataka kilo 50 za mchanganyiko wenye protini asilimia 16 kwa kuku wa mayai. Tuseme pumba yake ina asilimia 10 na mashudu ya alizeti (mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa mafuta) asilimia 30. (Chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai na virutubisho vingine vina hesabu yake.) Kilo za pumba ziwe p, za mashudu m:

p + m = 50
0.1p + 0.3m = 8

Kwa nini 8? Kwa sababu upande wa kushoto ni kilo za protini, na asilimia 16 ya kilo 50 ni kilo 8. Anayeandika 16 atapata mashudu kilo 55 na pumba hasi 5. Ukiona kilo hasi, usirudie kukokotoa. Rudi kwenye vipimo. Jibu sahihi ni pumba kilo 35, mashudu kilo 15.

Tahadhari nyingine ni hii: kama jirani wa yule mama angenunua sado 4 za maharage na 6 za mahindi kwa 58,000, tusingepata bei yoyote. Huo ni mlinganyo wa kwanza uliozidishwa kwa 2, na ukijaribu kuutatua unabaki na 0 = 0. Tafuta manunuzi yenye uwiano tofauti. Na kama angelipa 55,000 kwa mzigo huohuo, ungebaki na 0 = 3,000, jambo lisilowezekana: hao wawili hawakuuziwa kwa bei moja. Huenda wa pili alipunguziwa kwa kununua vingi.