Besi wa Lake Powell: kabla hujarusha ndoana, shusha kipimajoto

Kila mwaka ikifika Julai naanza kupokea meseji zile zile, "kaka nimepata boti ya kukodi siku tatu, tukavue wapi?" na mi huwa nauliza kwanza, una kamba ya mita 20 na kipimajoto? Wengi wanadhani nawazungusha. Leo nimeamua niandike yote mara moja maana nimetoka Powell kuvua samaki aitwaye besi wiki iliyopita, nimelala siku nne mchangani na mpwa wangu wa miaka 14, na mambo bado ya moto kichwani.

Kwa wasionijua, nimekulia Ukerewe, nimevua sangara na baba kwa mishipi, afu nikasomea uvuvi na sasa kazi yangu ni samaki wa mabwawa huku Utah, Marekani. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya darasani na ya kwenye boti pia.

Powell wanaiita ziwa ila ni bwawa. Mto Colorado ulizibwa pale Page, Arizona, kwa ukuta wa zege wa Glen Canyon wenye kimo cha mita 216, milango ikafungwa Machi 1963, na maji yakachukua miaka 17 kujaa, mpaka 1980. Chini yake kuna korongo refu la mawe mekundu, ndo maana kingo zimesimama wima kama ukuta wa ghorofa, unaweza kugusa jabali kwa mkono huku chini ya boti kuna mita 60. Sisi tuliozoea Ziwa Victoria, ambako unasukuma mtumbwi kwa pondo mbali kabisa na ufuko, hapa inabidi ujifunze upya.

Sasa jambo lenyewe. Kiangazi jua la huko halina mchezo, mchana joto linafika nyuzi 40, na linapasha maji ya juu tu. Maji ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi mazito yanakaa chini, upepo unakoroga sehemu ya juu lakini hauna nguvu ya kufika chini, kwa hiyo bwawa linagawanyika matabaka kama chai ya maziwa iliyoachwa bila kukorogwa. Kati ya matabaka hayo mawili kuna mita chache ambazo joto linaporomoka ghafla, na hapo ndo panapoamua samaki gani yuko wapi.

Mpwa wangu hakuniamini. Nikachukua chupa ya soda ya glasi nikaijaza maji ya juu, nikatumbukiza kipimajoto ndani, nikafunga chubwi shingoni, tukaishusha kwa kamba niliyoifunga fundo kila mita moja. Unaiacha dakika kumi, unaivuta haraka haraka. Mita 5 ikasoma nyuzi 26, mita 10 ikasoma 25, akaanza kuchoka. Mita 15 ikasoma 18. Akaiweka shavuni akashtuka, "Mjomba, hii kama imetoka kwenye friji!" Ndiyo, na friji hiyo ina wenyewe.

Wenyewe ni besi wa mistari. Asili yake ni samaki wa bahari anayepanda mito kuzaa, walimweka Powell 1974 wakiamini hataweza kuzaliana bwawani, na miaka michache tu baadaye akawa anazaa mwenyewe. Sasa hivi wamejaa kiasi kwamba hakuna kikomo cha kuvua, unachukua unavyoweza kula. Chakula chake ni shadi, kidagaa kilicholetwa 1968, na kila nikikiona nakumbuka dagaa wa kwetu maana kinakaa makundi kwa makundi na kila mwenye mdomo anakitafuta. Shadi anapenda maji ya moto juu. Besi mkubwa wa mistari hayawezi yale maji ya moto kwa muda mrefu, yanamchosha, kwa hiyo chakula kiko juu na mlaji kakwama chini. Wadogo, wale wa mwaka mmoja miwili, wanavumilia joto, ndo hao wanaopanda alfajiri kuwinda.

Na wakipanda utajua tu. Saa kumi na moja na nusu, maji yametulia kama mafuta, ghafla sehemu moja inaanza kuchemka, vidagaa vinaruka nje kama mvua inayonyesha kwenda juu, na unasikia sauti yake kabla hujaona vizuri. Kosa la watu ni kuingiza boti katikati. Usifanye hivyo jamani, zima injini ukiwa bado mita 30, acha boti iteleze yenyewe, rusha chambo cha kuelea kipite ng'ambo ya kundi afu kivute ndani yake. Unapata dakika tatu, nne, wanazama. Subiri hapo hapo, mara nyingi wanaibuka tena karibu.

Jua likishapanda sahau huko juu. Sogea kwenye ukuta wa jabali wenye kivuli, kata vipande vya samaki anchovi, shusha polepole mpaka mita 15 au 20, yaani pale pale chupa ilipotoka na ubaridi. Mpwa alivuta kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi, kila mmoja mgumu na wa baridi mkononi.

Besi wa mdomo mdogo yeye ni mtu wa mawe. Aliletwa 1982, anakaa kwenye mawe yaliyoporomoka, kiangazi mara nyingi mita 5 mpaka 10, na huyu mi ndo nampenda zaidi kwa sababu anakulazimisha kuwa na mkono mwepesi. Funga chubwi mwisho kabisa wa mshipi, ndoana ikae shubiri moja na nusu juu yake na kinyoo cha plastiki kidogo tu, chubwi kikilala chini kinyoo kinaelea mbele ya macho yake. Usitikise sana. Kidole kikae kwenye mshipi, atagonga mara mbili, tk tk, ile ya pili ndo unainua. Besi wa mdomo mkubwa naye yupo, ndo yule yule aliyepelekwa Naivasha kutoka Marekani 1929, ila anataka vichaka vilivyozama na vichaka vinategemea mwaka maji yamepanda kiasi gani, kwa hiyo simtegemei.

Kambi. Mwezi wa tano mpaka wa sita maji yanapanda kwa theluji ya milimani, baadaye kiangazi yanaanza kushuka kidogo kidogo kila siku, na huo ushukaji ndo unaowaliza watu. Mwaka wangu wa kwanza nililaza pua ya boti mchangani nikalala, asubuhi nusu nzima iko nchi kavu, tukachimba kwa sufuria kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne. Siku hizi kila usiku kabla ya kulala naisukuma nyuma hatua mbili. Nanga ziwe mbili, kamba zitoke nyuma ya boti kushoto na kulia kama mikono iliyopanuliwa, na nanga zenyewe zizikwe mchangani kweli kweli, kwa sababu Julai na Agosti mchana mawingu yanajikusanya na upepo unakuja bila hodi. Usipige hema kwenye mdomo wa korongo kavu hata pakiwa pazuri vipi, mvua inaweza kunyesha mbali huko usiyoiona na mafuriko yakakufikia ukiwa na jua kichwani. Choo cha kubeba ni sheria, kila kitu unarudi nacho.

Na hili naomba mlisome mara mbili. Agosti 2000 watoto wawili ndugu walikufa Powell wakiogelea nyuma ya boti-nyumba, sio kwa kuzama kwa kutojua kuogelea, ni hewa ya kaboni monoksaidi ya jenereta iliyojikusanya chini ya jukwaa la nyuma. Haina rangi, haina harufu. Jenereta au injini ikiwaka, hakuna mtu kuingia majini nyuma ya boti, hata dakika moja.

Jioni ya tatu tukiwa tunakaanga minofu mpwa akaniuliza haya maji ya baridi yanaenda wapi. Nikafurahi sana kwa swali hilo maana ndo kazi yangu. Mabomba yanayopeleka maji kwenye mitambo ya umeme yako sehemu moja haisogei. Bwawa likijaa yanakuwa kama mita 70 chini, yananyonya baridi tupu, na kwa miaka mingi mto chini ya ukuta ulikuwa wa ubaridi ambao besi hawezi kuzalia. Ukame ukashusha bwawa, kiangazi cha 2022 juu ya mabomba yakabaki maji ya mita 20 hivi, karibu kabisa na pale chupa yetu ilipogeuka baridi. Maji ya moto yakapita, samaki nao wakapita, na mwaka huo huo vikapatikana vifaranga vya besi wa mdomo mdogo vimezaliwa mtoni upande wa pili. Huko chini ndani ya Grand Canyon anaishi chabu mwenye nundu, samaki wa mto huo tangu enzi ambaye besi anaweza kummaliza kwa kumla, aliyekuwa ametolewa orodha ya walio hatarini zaidi 2021 tu. Julai 2024 wakaanza kufungulia maji kupitia mabomba ya chini zaidi yasiyozalisha umeme ili kuupoza mto, na mi nawaunga mkono kwa moyo wote.

Maana naijua hadithi hii. Sangara aliletwa Victoria miaka ya 1950, amenilea na kunisomesha, ila babu yangu alikuwa anataja majina ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo walioliwa na sangara, ambao sijawahi kuwaona hata mmoja.

Asubuhi ya kuondoka tulimwaga maji yote ya boti, tukafungua kila kizibo, kwa sababu Powell ina kome wa kwaga, wavamizi wasiotakiwa kusambaa kwenye maji mengine, vichanga vyake huvioni kwa macho na vinasafiri ndani ya tone, na pale gatini wanakagua kila boti inayotoka. Mpwa akachukua ile chupa na kamba yenye mafundo, akaitandaza juu ya jabali, akakaa nayo mpaka ikakauka kabisa.