Nyota kubwa haijikorogi zaidi, inajikoroga kwingine

Juzi tena kaniuliza mtu, "si nyota ikiwa kubwa ndo inajikoroga zaidi ndani?" Hapana jamani! Naandika leo ili siku nyingine niwe natuma linki tu.

Vinyota vidogo, chini ya kama 0.35 ya masi ya Jua, gesi yake haipitishi mwanga vizuri, mionzi inakwama, basi joto linabebwa na gesi yenyewe, ya moto inapanda ya baridi inashuka, kuanzia kitovuni mpaka juu kabisa. Sufuria moja. Haidrojeni ya juu nayo inashuka kuchomwa, na ukijumlisha na ubahili wao wa mwanga ndo unapata umri wa matrilioni ya miaka.

Jua halina hiyo bahati. Asilimia 70 ya ndani ya nusu kipenyo imetulia tuli, mionzi tu inapita, kinachochemka ni ganda la nje, kwa hiyo heliamu inabaki kitovuni ilikozaliwa.

Sasa ukivuka kama 1.2 ya masi ya Jua ndo mambo yanageuka: kiini kinachemka, nje kumetulia. Na sababu sio ukubwa wenyewe, ni aina ya moto! Pandisha joto la kitovu asilimia 10 tu: mnyororo wa protoni (njia ya Jua ya kugeuza haidrojeni kuwa heliamu) unaongeza nishati kama mara 1.5, mzunguko wa CNO (njia ya nyota kubwa, inayopitia kaboni, naitrojeni na oksijeni) kama mara 5. Nishati yote inabanana kwenye kakipande kadogo, mionzi inazidiwa, gesi inaanza kupanda yenyewe.

Mpaka wa hicho kiini je? Hapo tunafichaga aibu. Kanuni ya Schwarzschild inakwambia wapi gesi inaacha kusukumwa, haikwambii inasimama wapi, na kitu chenye mwendo hakigandi ghafla, kinapitiliza. Kwa umbali gani? Tunaweka namba kwenye modeli, tunaichezeachezea mpaka ifanane na nyota tunazoziona, halafu tunaipa jina zuri. Na hiyo namba ndo inaamua kiini kinapata mafuta kiasi gani, yaani umri wa nyota nzima.

Hata Jua letu linatusuta. Lithiamu inaungua kwenye kama kelvini milioni 2.5, chini ya ganda linalochemka ni kama milioni 2.2, kwa hesabu za vitabuni ilitakiwa isalimike. Ila Jua limebakiwa na chini ya moja ya mia ya kiwango kilichopo kwenye vimondo, ambavyo vimetunza mchanganyiko wa mwanzo. Kuna kitu kinaikoroga kule tulikochora "pametulia". Jua kujizungusha lenyewe, mawimbi ya ndani, kila mtu na mshukiwa wake, mi mwenyewe nimeshabadilisha wangu mara mbili.